Mchele Ulioua Wawili

Ijumaa, 6 Februari 2004

Andika kwamba mvua imenyesha tangu asubuhi na karanga zangu zimelala sufuriani. Umeandika? Haya.

Anayeandika ni Enesi, mke wa mwanangu Danford. Amejifungua mtoto wa kike, yuko ndani hatoki, na mtoto akilala mikono yake inakosa kazi. Nikamwambia, mwanangu, wewe darasa la saba ulimaliza, mimi hata herufi a sijui inaangalia wapi, lakini maneno ninayo. Wewe andika, mimi niseme. Akaniuliza, "Mama, niandike na yale yasiyo na maana?" Nikamwambia hayo ndiyo uanze nayo, yenye maana watu watayakumbuka wenyewe.

Basi mimi nakaa Tunduma hapa, karibu na barabara ya kwenda mpakani. Nauza karanga za kuchemsha barazani kwangu. Anayekwenda Zambia ananipita, anayerudi ananipita, na malori yakipanga foleni madereva wanakuja kunikalia hapa wanalalamika. Kwa hiyo habari mimi siifuati. Inakuja na miguu yake, inakaa, inakula karanga.

Upande wangu wa kushoto kuna banda la Pili. Pili ni Msukuma, ametoka Ivuna, kule bondeni kwenye joto na chumvi. Mumewe Ngusa ana ng'ombe na majaruba ya mpunga. Mwaka juzi ng'ombe wengi waliugua wakafa, mpunga ukabaki, Pili akasema yeye anauleta huku juu kuupika. Banda amejenga mwenyewe kwa mabanzi. Aliniambia siku moja, "Mayu," maana kwao mama ni mayu, "nyumba ni ya Ngusa, ng'ombe ni za Ngusa, hata mimi ni wa Ngusa. Hili banda ni langu." Na wali wake, mimi nakwambia, ukifunuliwa dereva anazima gari bila kuambiwa.

Mtoto amelia. Tuache hapo.

Jumamosi, 7 Februari

Mvua. Mtoto ataitwa Goodness. Mimi nilitaka jina la mama yangu, lakini nani ananiuliza.

Jumanne, 10 Februari

Leo amepita Tabita. Tabita tunaimba naye kwaya ya akina mama, kanisani kwetu Moravian. Sauti yake ni nzuri, ila mdomo wake hauna kifuniko. Hata mwavuli hajaukunja, kasema, "Mama Danford, umesikia? Mchele wa Ivuna umeua wawili."

"Wawili nani?"

"Wawili tu. Huko Nakonde, ng'ambo."

"Wanaitwaje?"

"Sasa mimi nitajuaje wanaitwaje, mimi ni Mzambia?"

Akachukua karanga akaenda. Nikabaki nawaza. Habari ina hesabu, haina majina. Msiba wa kweli huja na jina kwanza. Mtu anakwambia fulani amefariki, ndiyo unauliza alikuwa anaumwa nini. Huu umekuja na hesabu tu, kama gunia.

Alhamisi, 12 Februari

Habari imekuwa kubwa. Asubuhi mwanamke wa mkaa kaniambia ni watoto wawili. Mchana dereva mmoja kasema ni mapacha, walikula wali wakalala hawakuamka. Jioni mwalimu mstaafu, mtu mzima na miwani yake, kasema mapacha, na mama yao kachanganyikiwa anatembea bila nguo, na mchele wenyewe uliwekwa dawa ya panya. Kila anayepita anaongeza kijiko chake. Na kila mmoja ananiambia kwa sauti ya chini kama vile ni mimi tu anayeniambia.

Zamani haikuwa hivi. Mtu akifa Ndalambo, anatumwa mjumbe kwa miguu. Anafika amechoka, anapewa maji, anasema neno alilotumwa, basi, hana nguvu ya kuongeza. Baba yangu alikuwa mjumbe mzuri kwa sababu alikuwa hapendi kusema. Siku hizi habari inaletwa na watu waliopumzika.

Ijumaa, 13 Februari

Pili wali wake umebaki nusu sufuria. Kasema ni mvua.

Jumapili, 15 Februari

Kanisani tumewaombea wale mapacha. Tabita ndiye aliyeomba wimbo. Tukaimba beti zote, yeye akilia, na mimi nikalia, maana mtu akilia vizuri karibu yako huwezi kukaa mkavu. Wakati wa kutoka nikamuuliza, "Tabita, ulisikia kwa nani kwanza?" Akanikasirikia. "Tumetoka kuomba sasa hivi, wewe unaleta polisi."

Jumanne, 17 Februari

Leo nimegundua kitu. Pili hajui. Tunduma nzima inajua, mpaka na watoto wanaochota maji wanajua, na mwenye wali hajui. Habari imemzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Nimemwita, nikamkalisha, nikamwambia. Alikuwa na mwiko mkononi. Akasema, "Mchele wa Ivuna ni wangu, mayu. Hapa mjini mwingine wa Ivuna nani anao?"

"Najua."

"Na mimi naula kila siku. Mbona sijafa?"

"Hilo hawajalifikia."

Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza, "Na wewe, mayu, juzi nilikuletea sahani ukasema umeshiba. Ulikuwa umeshiba?"

Enesi ananiangalia. Andika tu. Sikuwa nimeshiba.

Nikamwambia leta sahani sasa. Nikala pale barazani watu wakiona, nikaila yote, na ukoko.

Jumatano, 18 Februari

Kula kwangu hakukusaidia. Wamesema wazee hawadhuriki, damu yetu imeshakuwa chungu.

Ijumaa, 20 Februari

Mvua na ukungu. Malori yamesimama mpaka kule juu. Madereva wamekula mikate na soda. Pili amepika sufuria ndogo, amekula yeye na kuku.

Jumanne, 24 Februari

Leo ni siku mbaya, Enesi, andika taratibu tusikosee.

Mchana alikuja tanboi mmoja, kijana anayesaidia kwenye lori, akala kwa Pili. Peke yake alikaa pale. Nikafurahi nikasema sasa wataona. Amemaliza, amesimama, amekwenda hatua mbili tatu, akaanguka kwenye tope akatapika. Kabla sijaweka chini sufuria yangu watu walikuwa wameshajaa. Sijui wametoka wapi, mimi nakaa hapa miaka yote sijawahi kuona watu wengi hivyo siku ya mvua. Hakuna aliyeuliza kimetokea nini, kila mmoja alikuja anajua tayari. Yaani ile habari ilikuwa imewakalisha tayari majumbani mwao, inangoja mtu mmoja tu aanguke.

Mmoja akapiga teke sufuria. Wali wote ukamwagika topeni, mweupe. Mwingine akang'oa mabanzi. Mwanamke mmoja, namjua, amekula kwa Pili tangu banda halina paa, akasema, "Aletewe wali wake aule wote hapa." Na wengine wanaitikia. Pili amesimama katikati ameshika mwiko. Nikapita kati ya watu, uzee una faida, nikamshika mkono nikamwingiza kwangu nikafunga mlango. Danford akaja mbio, akasimama mlangoni kwa nje. Hilo niseme, mwanangu alisimama, na jiwe moja lilimpata begani.

Mwenyekiti akafika akawatawanya. Akamwambia Pili banda lifungwe mpaka bwana afya atoke Vwawa. Nikamuuliza mwenyekiti, "Na bwana afya atafika lini?" Akasema, "Bibi, barabara unaiona."

Jumatano, 25 Februari

Tanboi ameamka mzima. Alikuwa amekunywa zile pombe za Zambia za vifuko tangu alfajiri na tumbo tupu. Amekuja mwenyewe kumwomba Pili msamaha, kichwa chini. Nikamwambia nenda ukawaambie na wale wa jana. Akasema amewaambia. Wamemjibu, wewe una bahati.

Alhamisi, 26 Februari

Nimeamua nifuate hii habari kinyumenyume. Mtu akipoteza mbuzi anafuata kwato, si ndiyo?

Tabita kwanza. Nimempelekea karanga za bure, akalainika. Kasema yeye alisikia kwa Anania, fundi viatu aliye pale kwenye kona. Nimekwenda kwa Anania na kiatu changu kizima, nikakivunja kisigino njiani ili nipate sababu. Anania anashona haangalii juu.

"Anania, ile ya mchele ulisikia kwa nani?"

"Mama, unaniuliza kweli?"

"Nakuuliza."

"Kwa nani tena kama si kwa Danford wako? Alikaa hapo hapo ulipokaa. Kasema kasikia kwa masikio yake, kwa Mzambia mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi sikusalimia mtu.

Jumamosi, 28 Februari

Danford kazi yake ni udalali hapo mpakani. Anaunganisha Wazambia na wenye maduka, anatafsiri, wanamwamini kwa sababu ya Kibemba chake. Nimemuuliza leo, akaniambia bila kuficha, "Ni kweli, mama. Bana Mwape, yule mama wa Nakonde anayenunua mashuka. Alikuwa anamweleza mwenzake huku anafunga mzigo. Nilisikia: mchele wa Ivuna umeua wawili."

"Akasema watoto?"

"Hapana. Wawili. Watoto wameongeza wao."

"Na wewe ukamwambia nani?"

"Anania tu."

Anania tu. Angalia. Mtu anamwambia mtu mmoja, na mmoja huyo amekaa kwenye kona ambapo kila mwenye kiatu anapita.

Jumanne, 2 Machi

Nimekwenda Nakonde. Mvua ilipumzika. Kuvuka siyo kazi, sisi Wanamwanga tuko huku na huku, hiyo mipaka iliwekwa tukiwa tayari tumeshaoana.

Nilimkuta Bana Mwape uani kwake, mwanamke mnene, anacheka kabla hujasema. Nikamwambia, "Mwapoleni." Akajibu, "Mwapoleni mukwai, bamayo, kaa." Nikakaa. Nikampa karanga. Tukasema ya mvua, ya mguu wake, ya mwanawe aliye Kitwe. Halafu nikamwambia pole na msiba.

"Msiba gani, bamayo?"

"Wale wawili."

Akafikiri. "Aa, wale. Yule mmoja alikuwa na mimba. Lakini ni makosa yangu. Niliacha debe wazi, na maji hakuna, wakalamba usiku kucha."

Nikamwambia, "Walilamba nini?"

"Umuchele."

Akainuka, akachota ndani ya debe, akanimwagia kiganjani. Nikalamba. Chumvi. Chumvi ya Ivuna, ile ya kijivu wanayochemsha akina mama kule bondeni. Umuchele kwa Kibemba ni chumvi. Na mimi neno lenyewe nalijua tangu mdogo, shangazi zangu wameolewa ng'ambo hiyo, wangeniambia leta umuchele ningeleta chumvi bila kufikiri. Lakini sikio langu lilikuwa limeshaambiwa mchele, basi likabaki na mchele.

Nikamuuliza, "Na hao wawili?"

"Ng'ombe zangu," akasema. "Wewe ulifikiri nani?"

Nilipomwambia, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza beti zote zile tulizoimba.

Alhamisi, 4 Machi

Hii ya Nakonde tumeiandika leo. Juzi nilipofika pale kwenye umuchele Enesi aliweka kalamu chini. Akasema, "Mama, hiyo nikiandika nitakuwa nimemwandika mume wangu." Nikamwambia basi, pumzika. Leo asubuhi ameshika kalamu mwenyewe, akasema, "Pili amelala sakafuni kwetu siku zote hizi na ananibebea mtoto. Sema."

Jana nilizungumza na Danford. Akasema, "Kibemba nakijua, mama. Nakijua cha mashuka, cha sabuni, cha sukari. Chumvi hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Basi nenda ukaseme ulikosea."

"Nikaseme mimi? Mama, pale mpakani madalali tuko kama nzi. Mimi ninachowazidi ni ulimi. Wakijua sijui umuchele na mchele, nani atanipa kazi?"

"Na Pili?"

"Pili itapita. Habari zote zinapita."

Bega lake bado limevimba.

Jumatatu, 8 Machi

Nimejaribu kusema ukweli bila kumtaja. Nimemwambia kila aliyekaa barazani, haikuwa mchele, ilikuwa chumvi, hawakuwa watu, walikuwa ng'ombe. Wananisikiliza. Wanasema, "Kumbe." Wanamaliza karanga wanaondoka. Nimesikiliza siku tatu kama kuna atakayeniletea hayo maneno kutoka upande mwingine, kama ile ya kwanza ilivyonirudia kila saa. Hakuna hata mmoja. Ukweli nimeutoa mlangoni, umekaa hapo hapo kama kuku mgonjwa.

Nikajiuliza kwa nini. Uongo ulikuwa na watoto, na mama aliyechanganyikiwa, na dawa ya panya. Anayeusimulia anaonekana mtu mwenye habari. Ukweli una nini? Ng'ombe na chumvi. Nani atasimama njiani kwenye mvua amweleze mwenzake ng'ombe wamelamba chumvi?

Jumanne, 9 Machi

Ngusa amefika kutoka Ivuna. Mrefu, mkimya, amekuja na matope mpaka kwenye magoti. Kule bondeni habari ilifika kwa simu ya dereva, na ilifika hivi: mkeo ameua watu wanne na amefungwa. Hakumkuta gerezani, amemkuta anamwogesha Goodness. Akakaa kwenye kigoda akafunika uso.

Baadaye akaniambia, "Mayu, asante. Lori linashuka Jumamosi ya wiki ijayo barabara ikikauka. Nitamchukua."

Pili akasema, "Banda langu?"

"Kuni," Ngusa akasema. Hakusema kwa ubaya.

Jumatano, 10 Machi

Pili ameokota mabanzi yake topeni, ameyapanga ukutani kwangu, hayajawa kuni bado.

Ijumaa, 12 Machi

Nimefanya jambo la kitoto. Juzi nilimwambia Tabita kwamba nawaza kuhamia Mbozi Mission kwa dada yangu. Siku hiyo hiyo nikamwambia Raudha kwamba naacha karanga, nauza ndizi. Yote uongo. Nilitaka nione ipi itanirudia, na kwa mdomo wa nani.

Raudha ni msusi, yuko jirani na msikiti, kibanda chake kina kioo kikubwa. Ya Tabita imerudi leo, kwa mama watatu wa kwaya. Wamekuja na sukari kuniaga. Nimewapa chai. Haikutoka nje ya kwaya hata kidogo, imezunguka humo humo kama mbuzi kwenye kamba. Lakini ya Raudha ilirudi jana mchana. Kaniuliza ndizi dereva nisiyemjua. Kaniuliza mke wa sheikh. Kaniuliza Mzambia kwa Kibemba, tena anataka mkungu mzima.

Nikaenda kukaa kwa Raudha nione kuna nini. Nimeona. Kwake wanasuka Wakristo, wanasuka Waislamu, Wazambia wanasuka, wale wasichana wa nyumba za wageni wanasuka. Hao hawakai pamoja mahali pengine popote. Na mtu akisukwa hawezi kuondoka, kichwa kimeshikwa, kazi yake ni kusikia. Tabita anasema kuliko Raudha. Lakini Tabita anawaambia watu wanaoambiana wenyewe. Raudha amekaa mlangoni mwa nyumba nne.

Jumapili, 14 Machi

Sijaimba leo. Nimekaa nyuma nikawaza.

Najua sasa mlango ni upi. Lakini ukweli mkavu hata kwa Raudha utalala. Lazima mtu atake kuusema. Na watu wanataka kusema nini? Vitu viwili, Enesi. Cha kutisha na cha kuchekesha. Cha kutisha wameshakisema. Kimebaki cha kuchekesha, na kichekesho hakitembei bila mtu wa kuchekwa.

Enesi ameuliza, "Huwezi kuweka mtu mwingine?"

Nimewaza. Nikiweka mtu ambaye hayupo, watauliza nani, na hakitasimama. Tulishaona habari isiyo na jina inavyoota majina yake yenyewe.

Enesi amehesabu siku kwa vidole. Halafu amesema, "Jumamosi ya lori iko karibu."

Jumanne, 16 Machi

Nimekwenda kusuka. Nywele zenyewe ziko wapi, lakini nimesuka. Walikuwepo wanawake wanne, mmoja wao Mzambia, na mwanaume aliyemsubiri mkewe.

Nikasema, "Raudha, polepole, kichwa kinaniuma kwa aibu ya mwanangu."

"Kafanya nini, bibi?"

"Kawazika ng'ombe Kikristo."

Mkono wake ukasimama. Nikaeleza. Bana Mwape kasema umuchele, yaani chumvi. Danford wangu, mkalimani mkubwa, kasikia mchele. Ng'ombe wawili wamelamba chumvi wamekufa, Danford kawavalisha nguo, kawapa mama, kawafanyia matanga. "Na sisi kwaya," nikasema, "tumewaimbia ng'ombe wa Nakonde beti zote, wapumzike kwa amani. Tabita alilia mpaka kitambaa kikalowa. Na mmoja alikuwa na mimba."

Yule Mzambia aliyekuwa anangoja zamu alianza kucheka. Akasema, "Umuchele," akajipiga paja. Wengine wakamfuata. Raudha alishindwa kusuka, kichwa changu kikabaki nusu. Nimerudi nyumbani hivyo hivyo, nusu.

Jumatano, 17 Machi

Watu watano wameniletea habari hiyo. Mmoja alikuwa Anania mwenyewe, kasema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi.

Alhamisi, 18 Machi

Tabita hanisalimii. Mwenyekiti amepita mbele ya nyumba, kasema "moo" akiwa anaangalia pembeni, akaenda. Mchana karudi, kasema bwana afya hana haja ya kuja, banda lifunguliwe.

Danford amefika jioni. Pale mpakani wanamwita Umuchele. Mteja wake mmoja kachukuliwa na dalali mwingine, kaambiwa huyu atakuletea chumvi ukitaka sukari. Hakupiga kelele. Aliweka begi chini akasema, "Mama, ulikuwa na mimi mmoja tu."

Nikamwambia, "Ndiyo maana wa kutoa nilikuwa na wewe tu."

Sijui kama ni jibu. Ndilo nililokuwa nalo.

Jumamosi, 20 Machi

Lori limeshuka. Ngusa amekwenda peke yake. Kabla ya kupanda amerudi kupigilia mabanzi, bila kuambiwa, na moja akaliweka juu chini, Pili akamwambia litoe, anza tena. Akaanza tena. Sahani ya kwanza amekula yule tanboi.

Jumanne, 30 Machi

Danford anakula kwa Pili, hali kwangu.

Jumatatu, 5 Aprili

Mvua zimepungua. Danford kamwambia Enesi aniambie kwamba chai haina sukari. Mimi niko pale pale. Nikamwambia Enesi amwambie aongeze.

Alhamisi, 15 Aprili

Leo amekaa barazani dereva mgeni, mtu wa mbali, Kiswahili chake cha pwani pwani. Anamenya karanga anacheka peke yake. Nikamwambia cheka na sisi.

Akasema, "Bibi, mna vituko hapa. Nimesimuliwa njiani, kuna bibi kizee wa hapa hapa Tunduma alikwenda Zambia akasikia wanasema umuchele, akafikiri ni mchele. Akarudi anatangaza wali unaua. Mwanawe, dalali, kijana anajua lugha zote za huko, akamwambia mama hiyo ni chumvi, bibi hataki kusikia, kaliliza kanisa zima."

Nikamuuliza, "Kakusimulia nani?"

"Kijana mmoja pale kwenye maegesho. Mcheshi sana. Amenitafsiria mzigo wangu vizuri tu."

Enesi, usicheke, kalamu inatetemeka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Niliwaza hiyo safari: imetoka kwa Raudha, ikafika kwa mwanangu, akaishika, akaigeuza kama mtu anavyogeuza shati, akanivalisha mimi, akaituma tena. Na imesimama vizuri kuliko ya kwangu. Mzee wa kike anachekesha kuliko dalali, hilo lazima nilikubali.

Dereva akasema, "Na huyo bibi wanasema alikufa kwa aibu. Ni kweli?"

"Kweli," nikamwambia. "Mazishini nilikuwepo. Watu walijaa mpaka barabarani, na wali alipika Pili."

"Pili ndiye yupi?"

Nikamnyooshea kidole.